Miaka Yangu na Mapacha wa Kauri

Kwenye karatasi za ofisi niliandikwa mhudumu wa vyumba tangu siku ya kwanza hadi wiki iliyopita nilipokabidhi funguo. Glory na Baraka, ninyi mliozipokea, mnajua kwamba vitanda nilivyotandika miaka ya karibuni havizidi vidole vya mkono mmoja. Kazi yangu ilikuwa kauri: kuziosha, kuzifuta vumbi, kuziunganisha zikivunjika, na kuwaeleza wageni zilikotoka. Hakuna meneja aliyewahi kukubali kwamba hiyo ni kazi yenye jina. Mmeniomba niwaachie maelezo. Nilianza kuandika orodha, ikawa ndefu kama ya wachangiaji wa harusi, nikaichana. Bora niwasimulie ilivyokuwa.

Nilianza mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya kwetu ambayo mtu akikusalimia unaona mvuke kabla hujasikia sauti. Nilikuwa nakaa Sekei kwa dada yangu, na kazi pekee niliyoijua ni kuuza vitambaa kwenye duka moja Kaloleni. Hoteli ilikuwa ile ile mnayoijua, nyumba ya zamani ya shamba la kahawa chini ya Mlima Meru, ila wakati ule ilikuwa na vyumba tisa tu na bati lilivuja. Nilikuja kusafisha vyumba. Bahati nzuri dada wa chumba cha kulia chakula alikuwa amejifungua juzi yake, basi nikapelekwa kwa Mzee Kaaya.

Ninyi hamkumkuta. Alikuwa Mmeru wa Poli, mrefu, mwembamba, mzee wa kanisa, na shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Alikuwa mkuu wa chumba cha kulia, lakini moyo wake ulikaa kwenye yale makabati matatu ya vioo ukutani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nyosha mikono."

Nilidhani anataka kuona kama ni safi. Akatazama bangili, akatazama kucha, akatazama pete.

"Vua vyote."

"Na pete, Mzee? Nimefunga ndoa mwezi wa tano."

"Mume atabaki kuwa mume mpaka saa kumi jioni. Kikombe kikikwaruzwa na pete hakiponi."

Akanipa beseni la plastiki, akatandika taulo chini yake, akamimina maji ya uvuguvugu na matone matatu ya sabuni ya maji. Vikombe ishirini na vinne. Nilishika cha kwanza kama unavyoshika kikombe cha chai, naye akanipiga kidogo mgongoni mwa mkono, kama mtoto anayechokora sufuria.

"Kishikio cha kikombe cha zamani si cha kushikia," alisema. "Shika tumbo."

Nilimaliza saa sita mchana, mgongo ukiwa umekauka kama ubao. Hakunisifu. Alivihesabu, akavitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Kesho njoo tena huku." Hivyo ndivyo nilivyoacha kutandika vitanda.

Vyombo vile vilikuwa vya Mama Eleni, mwenye hoteli. Yeye ni Mgiriki aliyezaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu niliyekulia kwenye Kichaga. Marehemu mumewe alikuwa Mwingereza, na kauri zilikuwa urithi wa upande wa mume, nyingi zikiwa za enzi za Malkia Victoria. Sahani za rangi ya feruzi, sahani za waridi, kingo za dhahabu, ndege na maua katikati. Lakini fahari ya nyumba ilikuwa vile vyombo viwili virefu vya maua kwenye kabati la kona, ambavyo wafanyakazi wote waliviita Mapacha. Mnavijua: kijani cha giza kinachokaribia weusi, na kwenye kila kimoja binti mweupe aliyevaa shela nyepesi mno, mpaka unaona goti lake kupitia udongo.

Udongo! Wiki yangu ya kwanza nilidhani ni picha iliyobandikwa.

Chini ya kila Pacha kulikuwa na herufi mbili za L za buluu zilizokumbatiana. Mzee Kaaya alikuwa akivaa glovu nyeupe, anamwinua Pacha wa kushoto kama padri anavyoinua kikombe, anawaonyesha wageni zile herufi. "Hawa wametoka kiwanda cha wafalme wa Ufaransa," anasema. Alilisema hilo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kijerumani cha kuokoteza. Marehemu bwana ndiye aliyemweleza hivyo, naye akalitunza kama alivyotunza funguo.

Kuunganisha vilivyovunjika sikufundishwa na mtu. Mzee Kaaya hakuweza, macho yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua, na kilichovunjika kilifungwa kwenye gazeti kikawekwa stoo. Siku moja niliomba bakuli la sukari lililokuwa vipande vitano. "Limeshakufa," alisema, "huwezi kuliua mara ya pili." Nikaanza hapo.

Vifaa nilivikusanya kama kunguru. Daktari wa meno Kaloleni alinipa vijichuma vyake vilivyochakaa, vile vya kuchokolea matundu, na hadi leo sijaona kitu bora cha kutolea gundi ya zamani kwenye ufa. Asetoni nilinunua saluni, ile ya kufutia rangi ya kucha, na kwa miaka mingi yule dada wa saluni aliamini nina kucha nyingi kuliko watu wengine. Beseni la ulezi lilinisaidia kusimamisha vipande wakati gundi inakauka: unazamisha chombo kwenye ulezi kwa pembe unayotaka, nao unakishika kila upande bila kukiumiza. Tahadhari moja tu, panya. Na unga wa dhahabu msinunue kwa mtu anayesema ni wa bei nafuu. Kuna sahani tatu nyuma ya kabati la tatu ambazo kingo zake zimegeuka kijani. Mkiziona, mtajua nilivyokuwa nikijifunza.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mgeni. Aliitwa Dorothy, mama mzee kutoka Uingereza aliyekuwa amestaafu kazi ya kutunza vyombo kwenye makumbusho. Alikuja wakati wa masika, magari yakakwama, safari yake ya porini ikafutwa, akabaki kwetu wiki mbili hana pa kwenda. Siku ya tatu alinikuta veranda nikiwa na kipande cha sahani mdomoni, nimekishika kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Hakushtuka. Alivuta kiti.

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuulizia mashuka. Lakini alisema polepole, na aliniwekea vyombo mezani nione kwa macho. Alinieleza kwamba matajiri wa Kiingereza walikuwa wanapenda mno kauri za wafalme wa Ufaransa. Wafalme wale walipoondolewa, vyombo vyao viliuzwa, na vingi vilivuka bahari. Basi viwanda vya Uingereza vikaanza kufuatisha: feruzi ile ile, waridi lile lile, buluu nzito, dhahabu kila ukingo. Vikachukua hadi wachoraji wa Kifaransa. Halafu Wafaransa na Wajerumani wakapigana, Paris ikawa taabuni, na mafundi wengine wakavuka kwenda kutafuta riziki Uingereza, wamebeba ujuzi wao kichwani.

"Ujuzi gani?" niliuliza.

Akanipeleka kwa Mapacha. Akanionyesha jinsi fundi anavyopaka udongo mweupe mwepesi kama uji juu ya udongo wa giza, anangoja ukauke, anapaka tena, tena na tena, kwa wiki nzima na zaidi, kisha anachonga. Pale anapoacha udongo mnene panakuwa peupe, ni bega. Pale anapochonga hadi ukawa mwembamba, giza la chini linachungulia, ni shela. Akikosea, hakuna kufuta.

Mzee Kaaya alimletea Pacha wa kushoto na kumgeuza, atazame herufi. Mama Dorothy alizitazama muda mrefu. Muda mrefu kweli. Kisha akasema, "Huu ni mkono wa Kifaransa." Mzee Kaaya akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa shahada. Mimi niliona tu kwamba mama yule alichagua maneno yake, lakini sikujua ni kwa nini. Siku anaondoka aliniachia lenzi yake na anwani yake ya barua pepe.

Miaka ikapita. Nikazaa, nikarudi, nikazaa tena, nikarudi. Mzee Kaaya akawa ananiachia funguo siku za kwaya. Tukafika ile asubuhi ya tumbili.

Mama Eleni alikuwa Nairobi, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, tukimtarajia baada ya mwezi. Zamu ya chumba cha kulia ilikuwa ya Mzee Kaaya. Alikuwa ametoa Mapacha kabatini kuwafuta vumbi, akawaweka kwenye meza ya pembeni, akaitwa jikoni mara moja. Dirisha lilikuwa wazi. Tumbili aliingia kufuata ndizi za wageni. Nilisikia mlio nikiwa ngazini, na kabla sijafika nilishajua, maana kauri nzuri ikivunjika hulia kama kengele ndogo.

Pacha wa kushoto alikuwa sakafuni, vipande tisa na makombo. Tumbili alikuwa juu ya kabati anamenya ndizi.

Mzee Kaaya alisimama mlangoni. Hakumfukuza tumbili. Alipiga magoti na shati lake lile, akaanza kuokota, nami nikamshika mikono.

"Mzee, usiguse. Niachie mimi, kila kipande pale kilipo."

"Dirisha ni langu," alisema. "Dirisha nililiacha mimi." Machozi yalimtoka bila sauti. Alikuwa mtu mzima sana, na sikujua nitazame wapi.

Nilichora ramani ya vipande sakafuni kwanza, kisha nikaviokota. Fanyeni hivyo daima. Wiki ya kwanza nilisafisha kingo tu. Nilipofika kwenye mguu wa Pacha nikaona kitu: ndani ya uvungu wake kulikuwa na plasta ya zamani, imepakwa rangi ya kijani kufanana na chombo. Mtu alishapita hapo kabla yangu. Nikaanza kuitoa kwa vichuma vya meno, na chini yake yakatokea maandishi yaliyogandamizwa kwenye udongo wenyewe kabla haujachomwa. Jina la kiwanda, na jina la mji. Mji wa Uingereza.

Nikachukua pamba yenye asetoni nifute vumbi la plasta karibu na zile herufi mbili za buluu. Pamba ikarudi buluu. Nusu ya L moja ilikuwa imeondoka. Mnajua kwamba rangi iliyochomwa tanuruni haitoki kwa asetoni wala kwa maombi. Hii ilipakwa baadaye, juu juu, na mtu aliyetaka kumuuzia mtu mwingine Ufaransa. Nani, lini, sikujua na sijui hadi leo.

Nilimwita Mzee Kaaya. Alisoma jina la mji kwa lenzi, herufi moja moja. Akatazama pamba.

"Zirudishe," alisema.

"Herufi?"

"Mkono wako unaweza. Nimekuona ukichora maua madogo kuliko chawa. Zirudishe, funika hilo jina kama lilivyokuwa, tumalize."

"Mzee, hapana."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Mimi nililelewa vizuri. Sikuwahi kumwambia mtu wa umri ule neno hilo, na lilipotoka mdomoni lilinitisha mimi kuliko yeye.

"Unajua nimewaambia watu wangapi?" aliuliza taratibu. "Maaskofu wamekaa pale. Mabalozi. Nimesimama na glovu mbele ya watu miaka yote hii nikiwadanganya, na sasa nimemvunja, na kumbe si wa Ufaransa. Mama Eleni akirudi nitamwambia nini? Kwamba nimevunja urithi wake, halafu mtoto niliyemfundisha kushika kikombe ameuondolea jina?"

Akatoka. Siku kumi na moja hakusema nami. Alinisalimia kupitia kwa mpishi: "Mwambie huyo marahaba." Nilikuwa nafanya kazi chumba cha nyuma na moyo mzito, naunganisha kipande kwa kipande, naweka kwenye ulezi, nangoja. Kama kuna kitu kigumu katika kazi hii si vipande tisa. Ni kuunganisha kwa ajili ya mtu asiyekusemesha.

Nilipiga picha za lile jina na zile herufi, nikaenda mjini nikamtumia Mama Dorothy kwa barua pepe, nikamweleza yote. Alijibu baada ya siku mbili, barua ndefu. Kwamba alijua tangu siku ile, maana kazi za namna ile zilianza kufanywa wakati wafalme wenye herufi L walishakwisha zamani. Kwamba hakutaka kumwaibisha mwenye nyumba mbele ya watu, na labda alikosea kunyamaza. Lakini hakusema uongo alipotaja mkono wa Kifaransa: mbinu ile ilipelekwa Uingereza na Mfaransa, akaifanya kwenye udongo wa Kiingereza, akafundisha vijana wa pale mpaka nao wakaiweza. Pacha anaweza kuwa kazi yake au ya mwanafunzi wake. Mwisho aliandika kwamba ni kazi nzuri kwelikweli, na haihitaji kuazima jina la mtu.

Nilitafsiri barua nzima kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu bora, nikaiweka kwenye kabati la Mzee Kaaya juu ya glovu zake.

Siku iliyofuata alikuja chumba cha nyuma. Pacha alikuwa amesimama, amebakiza kujazwa mapengo.

"Huyo mwanafunzi," alisema, "alikuwa Mwingereza?"

"Labda, Mzee. Hatujui."

"Na mwalimu wake alimwachia aweke mkono wake mwenyewe?"

"Inaonekana."

Akavuta kiti, akakaa. "Nishikie nini?" aliuliza. Nikampa ulezi aupepete.

Mama Eleni alirudi akitembea kwa fimbo. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini Mzee Kaaya alinitangulia. Alisimama mbele yake, hana glovu, akasema yote kwa mpangilio: vumbi, jikoni, dirisha, tumbili, vipande tisa, plasta, pamba ya buluu. Akasema pia, "Nilimwamuru huyu azirudishe herufi, akakataa. Alikuwa sahihi."

Mama Eleni alimshika Pacha, akamgeuza. Akatazama nusu L iliyobaki.

"Mume wangu aliinunua hadithi hii au aliitunga?" alisema mwishowe, kama anajiuliza mwenyewe. "Bibi yake hakutaja Ufaransa hata siku moja. Alisema tu alisafiri nao wamefungwa ndani ya blanketi, kwa sababu alikuwa anawapenda." Kisha akamgeukia Mzee Kaaya. "Na wageni wakiuliza, Kaaya?"

"Waniulize mimi."

Na waliuliza. Mnapaswa kujua alichowajibu, maana ndicho nilichowaeleza wageni hadi wiki iliyopita, ingawa siwezi kukisema kama yeye. Mzee Kaaya alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa, na aliwaambia hivi: "Tarumbeta zilikuja kwetu na wamisionari Wajerumani. Wazee wetu walizisikia, wakazitamani, wakafundishwa. Leo njoo Poli siku ya sikukuu usikie. Bomba ni la kule, pumzi ni ya hapa. Basi Mwingereza alimsikia Mfaransa hivyo hivyo. Mtazameni huyu binti, mniambie kama anaona aibu." Halafu anawaonyesha jina la mji wa Uingereza, na ile nusu herufi ya buluu, na nyufa zangu. Wageni walikuwa wanakaa nusu saa pale ambapo zamani walikaa dakika tano. Msiifute hiyo nusu L, wala msimalizie. Pacha wa kulia bado ana zake zote mbili, ili watu walinganishe.

Alistaafu muda si mrefu baadaye. Macho yalimaliza kumwacha, presha ya macho. Mara ya mwisho kuja hapa aliletwa na binti yake kutoka Poli, mwezi wa kumi, wakati hoteli haina watu. Alikunywa chai, akaulizia bati, akaulizia mpishi. Kisha akaomba kukaa karibu na Mapacha.

Niliwatoa nikawaweka mezani mbele yake. Akaanza kupapasa mfukoni, akatoa glovu, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Kwa Mapacha mikono mitupu haikuruhusiwa, hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, na hata mimi miaka yote niliugusa uso wa binti yule kwa brashi na kwa ncha ya chuma.

"Ziache leo, Mzee," nilimwambia. "Mshike."

Alisita. Kisha vidole vyake vikapita begani mwa binti wa kushoto, vikafuata shela hadi chini, vikarudi juu polepole hadi usoni, vikasimama kwenye mdomo.

"Kumbe anatabasamu," alisema.

Nilichukua lenzi nikainama nitazame. Kweli, alikuwa anatabasamu. Nilimshika yule binti akiwa vipande tisa, nikamrudisha mzima kwa mikono yangu mwenyewe, nami kumbe muda wote huo nilikuwa nikitazama nyufa.